Mvinyo, Divai, Kileo na Moshi: Majina ya Vinywaji vya Kulevya na Mipaka ya Sheria katika Afrika Mashariki

Ikisiri

Lugha za Afrika Mashariki zina hazina kubwa ya majina ya vinywaji vya kulevya, lakini lugha ya sheria na ya afya ya umma hutumia machache tu, tena mara nyingi bila kuyapambanua. Makala haya yanafafanua asili na mipaka ya maana ya majina hayo, kuanzia mvinyo na divai hadi waragi na kanyanga. Yanaonyesha pia namna uteuzi wa jina unavyoathiri tafsiri ya maandiko, mwenendo wa mashtaka na tahadhari inayomfikia mnywaji.

1. Kimiminika kimoja, majina mawili

Kinywaji kikali kinachokenekwa kwa ndizi au miwa upande wa Uganda huitwa enguli au waragi. Kikivuka mpaka na kuingia Rwanda huitwa kanyanga. Tofauti hii si ya matamshi tu. Nchini Uganda kinywaji hicho ni suala la leseni: mwenye kibali hukitengeneza, asiye nacho huvunja sheria ya biashara. Nchini Rwanda kanyanga imeorodheshwa miongoni mwa dawa za kulevya, na anayekamatwa nayo hushughulikiwa kwa sheria inayohusu dawa hizo. Mkalimani wa Kiswahili akiulizwa ni kitu gani kilichokuwa ndani ya dumu, akajibu kuwa ni pombe, atakuwa amesema kweli. Hata hivyo, kwa jibu hilo hilo atakuwa amefuta tofauti ambayo juu yake kesi nzima imesimama.

Tatizo hilo halitokani na upungufu wa msamiati. Kiswahili kina pombe, tembo, mvinyo, divai, kileo, ulevi, bia, gongo na mengine mengi. Linatokana na kwamba majina hayo yameingia katika lugha kwa njia tofauti, kila moja likiwa na kigezo chake cha kuainisha. Yapo yanayotaja kitu kilichotumika kutengeneza, yapo yanayotaja athari kwa mnywaji, na yapo yanayotaja chombo au bei. Mtunga sheria anayeyachukua kana kwamba yote yamo katika orodha moja hujikuta akilinganisha vitu visivyolingana.

2. Mvinyo na divai: bandari mbili za kuingilia

Mvinyo ni neno la Kireno, vinho, lililofika pwani pamoja na merikebu za Wareno. Kiswahili kiliposikia vinho kilikipa kiambishi cha ngeli ya m-/mi-, kikapata mvinyo, wingi mivinyo. Kwa kuwa kilichoshushwa bandarini hakikuwa divai pekee, maana ya neno ilipanuka, na katika matumizi ya pwani mvinyo umepata kubeba hata vinywaji vikali vya kigeni kama brandi. Upana huo haujatoweka. Magazeti ya Kiswahili nchini Kenya huandika mvinyo kwa maana ya kileo chochote, wakati lebo ya chupa ya Dodoma hukusudia kinywaji cha zabibu tu.

Divai ilipitia mlango mwingine. Asili yake ni Kifaransa, du vin, ambapo kiambajengo cha mbele kimemezwa na kuwa sehemu ya neno. Jambo la kuvutia ni kwamba umezaji huo haukutokea katika Kiswahili peke yake. Kimalagasi kina divay, Krioli ya Morisi ina diven, na Kinyarwanda kina divayi. Wamisionari Wakatoliki wa kwanza kufika Unguja, mwaka 1860, walitokea kisiwa cha Réunion, kabla ya Mapadre wa Roho Mtakatifu kufungua kituo cha Bagamoyo mwaka 1868. Kwa hiyo inaelekea neno hili lilikuwa limekwisha kuzoeleka katika visiwa vya Bahari ya Hindi kabla ya kufika pwani, na si lazima kudhani kwamba kila lugha ililikopa upya kutoka Ufaransa.

Tofauti ya bandari imeacha alama katika madhehebu. Liturujia ya Kikatoliki ya Kiswahili husema mkate na divai. Biblia ya Kiswahili ya Union Version hutumia divai katika masimulizi ya arusi ya Kana, lakini katika Waraka kwa Waefeso, panapokatazwa kulewa, hutumia mvinyo, ingawa neno la Kigiriki ni lile lile, oinos. Msomaji anayesoma kurasa hizo mbili anaweza kudhani kwamba vinazungumziwa vinywaji viwili, kimoja cha baraka na kingine cha ufisadi. Maandishi asilia hayana mgawanyo huo. Umezaliwa na tafsiri. Hali ya namna hiyo ipo Rwanda pia, ambako Biblia ya Kiprotestanti ina vino na ya Kikatoliki ina divayi.

Wakulima wa Dodoma, kwa upande wao, wana neno lisilotajwa sana kamusini. Kimiminika cha zabibu zilizokamuliwa na kuchachuka, kinachosubiri kununuliwa na viwanda, wao hukiita mchuzi wa zabibu. Jina hilo limefika hadi katika mijadala ya ushuru wa bidhaa. Je, mchuzi ni mvinyo, na utozwe kama mvinyo, au ni malighafi? Jibu lina thamani ya fedha kwa mkulima, na linategemea jina.

3. Kileo, shekhar na khamr

Kiebrania cha Agano la Kale hutaja mara kwa mara vitu viwili kwa pamoja: yayin, yaani divai ya zabibu, na shekhar. Tafsiri nyingi za Ulaya zimeliita la pili kinywaji kikali, na wasomaji wengi wamelielewa kuwa ni kitu kama konyagi. Ufahamu huo hauwezi kuwa sahihi, kwani ukenekaji wa vileo haukujulikana zama hizo. Neno la Kiakadi lililo la ukoo mmoja na shekhar, yaani shikaru, lilimaanisha bia ya shayiri. Shekhar limetokana na mzizi wenye maana ya kulewa, na halisemi lolote kuhusu ukali wa kinywaji.

Hapa wafasiri wa Kiswahili walifanya vizuri kuliko wenzao wa Ulaya, pengine bila kukusudia. Neno walilochagua, kileo, limeundwa kwa njia ile ile: kiambishi ki-, mzizi wa kitenzi lewa, na kiishio -o. Ni kitu cha kulewea. Halitaji nafaka, tunda wala mvuke. Kwa sababu hiyo kileo ndilo neno la Kiswahili linalofaa zaidi kuwa jina jumuishi, na sheria ya Tanzania inayosimamia uuzaji wa vinywaji hivi, inapotajwa kwa Kiswahili, huitwa Sheria ya Vileo.

Kiarabu kilikabiliana na suala hili mapema, na mjadala wake unastahili kusomwa na kila mtunga sheria. Khamr ina mzizi wenye maana ya kufunika, na wanazuoni wengi waliieleza kuwa ni kile kinachofunika akili. Hata hivyo, wafuasi wa Abu Hanifa huko Kufa walishikilia kwamba khamr, kwa maana halisi, ni maji ya zabibu mbichi yaliyochachuka. Vinywaji vingine vilikuwa na hukumu yake pekee. Wanazuoni wengine wengi walilitandaza neno hilo juu ya kila kinacholevya. Swali lilikuwa la kisarufi kwa umbo, lakini jibu lake liliamua nani aadhibiwe na kwa kosa gani.

Tafsiri za Qurani kwa Kiswahili zimelikwepa tatizo hilo kwa neno ulevi, ambalo ni kitendo, hali na kitu kwa wakati mmoja. Mtu anaweza kuwa na ulevi, kuacha ulevi na kunywa ulevi. Kwa mahubiri neno hilo lina nguvu kubwa. Kwa sheria halifai, kwa sababu haliwezi kutenganisha chupa na mnywaji wake.

4. Mti, nyuki na mwanzi

Majina ya kienyeji mengi huanzia kwenye kitu chenyewe. Tembo ni utomvu wa mnazi uliogemwa na kuchachuka, na hupatanishwa kisarufi kama jina la kitu: methali ya mgema husema hulitia maji, si humtia, na kwa kiambishi hicho kidogo mnyama hujitenga na kinywaji. Katika pwani ya Kenya mti wenyewe umetwaa jina, na watu hunywa mnazi. Ulanzi wa Iringa na Njombe hugemwa katika mianzi michanga. Wanzuki hutaja nyuki, na uki wa Wakamba hutoka katika mzizi huo huo wa Kibantu. Muratina ya Wakikuyu hubeba jina la tunda linalotumika kuuchachusha. Mbege ya Wachaga huchanganya ndizi na ulezi.

Pombe, ambalo leo limefunika yote hayo, lilihusu zaidi kinywaji cha nafaka au ndizi. Ni maana hiyo iliyosafiri hadi maabara ya Ulaya: mwaka 1893 Paul Lindner alitenga hamira kutoka kwenye pombe ya ulezi ya Afrika Mashariki, akaiita Schizosaccharomyces pombe, na hadi leo wanabiolojia duniani kote hulitamka neno hilo la Kiswahili wanapochunguza mgawanyiko wa seli.

Vinywaji vyote vilivyotajwa katika sehemu hii ni vya kuchachua. Havikenekwi. Tofauti baina ya kuchachua na kukeneka, yaani kupika kimiminika kitoe mvuke na kuupoza mvuke huo uwe matone, ndiyo tofauti kuu kwa afya na kwa kodi, nalo neno pombe haliionyeshi.

5. Majina yaliyoingia sheriani

Sheria za nchi tatu jirani, zote zilizoandikwa kwa Kiingereza, zililazimika kuazima jina la mtaani ili kutaja kinywaji cha kukenekwa. Tanzania ilitunga mwaka 1966 sheria ya utengenezaji na ukenekaji wa moshi. Uganda, katikati ya miaka ya 1960, ilitunga sheria ya enguli, iliyokusudia enguli ya vijijini ipelekwe kusafishwa kiwandani na kutoka huko ikiwa Uganda Waragi. Kenya iliipiga marufuku chang'aa kwa sheria ya mwaka 1980 iliyobeba jina hilo hilo, kisha ikaifuta kwa Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010, iliyoruhusu chang'aa kwa masharti ya leseni na ufungashaji.

Mbinu hii ina faida moja kubwa: mshtakiwa anafahamu anachoshtakiwa nacho. Ila jina la mtaani halitulii. Moshi ya Tanzania leo huitwa gongo kuliko inavyoitwa moshi. Kwa kuwa mwaka 2021 Tanzania ilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, neno moshi sasa linarudi nyumbani baada ya zaidi ya nusu karne ndani ya Kiingereza, na linaporudi linakutana na maana yake ya kawaida. Katika maandishi ya Kiingereza moshi lilikuwa istilahi isiyo na mpinzani. Katika Kiswahili ni kile kitokacho jikoni. Mfasiri hana budi kuandika pombe ya moshi, na hata hapo aeleze.

Mfano wa viroba unaonyesha upande mwingine. Tanzania ilipopiga marufuku pombe kali katika vifuko vya plastiki kuanzia Machi 2017, umma uliita hatua hiyo marufuku ya viroba. Jina lilikuwa la kifuko, na katazo lilikuwa la kifuko. Kilichokuwa ndani kiliendelea kuuzwa kihalali katika chupa. Mwananchi aliyedhani kinywaji chenyewe kimekatazwa alipotoshwa na jina, si na serikali.

6. Tatizo la pombe haramu

Istilahi inayohitaji kuangaliwa upya kwa haraka kuliko zote ni pombe haramu, inayotawala taarifa za habari, hasa nchini Kenya. Haramu hapa hutumika kwa mambo matatu yasiyohusiana: kinywaji kisicho na leseni, kinywaji kikali cha kienyeji, na kinywaji kilichotiwa sumu. Kwa msikilizaji Mwislamu istilahi hiyo ina kasoro ya nne, kwa kuwa hudokeza kwamba ipo pombe ya halali.

Gharama ya mchanganyiko huo ni maisha ya watu. Mnamo Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa jijini Nairobi kwa kunywa kumi kumi, jina lililotokana na bei ya shilingi kumi. Mwaka 2010 makumi walikufa wilayani Kabale, Uganda, kwa waragi. Katika matukio yote mawili muuaji alikuwa methanoli. Methanoli haionekani, wala haitambuliki kwa kuonja, na haitokani na kukosekana kwa leseni peke yake. Huongezwa na mfanyabiashara anayetaka ukali kwa bei nafuu. Tangazo linalosema pombe haramu inaua humfikia mnywaji wa mbege, ambaye miaka yote ameinywa bila leseni na bila kufa, naye hulipuuza. Tangazo linalotaja gongo halisikiki Kisumu, na linalotaja chang'aa halisikiki Bukoba, wala lolote kati ya hayo halimfikii msemaji wa Kiswahili wa Lubumbashi ambaye kinywaji hicho hukiita lutuku.

Kinachowezekana ni kutenga mambo matatu kwa istilahi tatu: pombe isiyo na leseni kwa kosa la biashara, pombe kali kwa kila kilichokenekwa, na pombe yenye sumu kwa kilichochafuliwa, huku kileo kikibaki jina jumuishi na mvinyo ukibanwa kwenye matunda. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ndicho chombo kinachofaa kuziweka mezani. Pamoja nazo ipelekwe orodha ya majina ya mahali, kutoka kanyanga hadi lutuku, kila moja likiambatanishwa na maelezo ya namna kinywaji hicho kinavyotengenezwa, ili mkalimani aliye mpakani awe na kitu cha kufungua kabla ya kujibu swali la hakimu kuhusu kilichomo ndani ya dumu.