Manati ya kupandishia kamba mtini

Wadau, mvule tawi la kwanza linaweza kuwa mita 20 juu, hapo kurusha kamba kwa mkono ni kujichosha tu. Mimi natumia manati: panda ngumu juu ya mti wa mita 2, mipira ya tyubu ya baiskeli, ngozi katikati. Risasi yake kifuko cha mchanga, gramu 300 hivi, kimefungwa uzi wa nailoni. Uzi ulale kwenye ndoo, msiuzungushe mkononi. Ukipita tawini unavuta kamba nyembamba, nayo inavuta ile nene.

Sasa jamani, kifuko kikinasa msivute kwa nguvu! Nailoni inavutika, kikichomoka kinakuja moja kwa moja usoni. Kateni uzi. Nyaya za umeme zikiwa jirani, achaneni na mti huo. Kabla ya kupanda, watu wawili ning'inieni kwanza mkiwa chini.