Je, Wajua? Chemshabongo iliyotafuta wavunja misimbo

Januari 1942, gazeti la Daily Telegraph liliwaalika wasomaji ofisini mwake London wafumbue chemshabongo ya maneno kwa chini ya dakika 12. Stanley Sedgwick alibakiwa na neno moja tu muda ulipokwisha. Haikudhuru: baadaye jeshi lilimwita kwa siri, akapelekwa kituo cha siri cha Bletchley Park kuvunja misimbo ya Wajerumani.

Utamu wa mafumbo haya ni hila. Kidokezo husema hili, kikakusudia lile. Tujaribu kwa Kiswahili: “Vuruga kata upate uchafu” (herufi 4). Ukianza kuwaza kata ya maji, au ya diwani, umeshapotezwa (ndivyo mtunzi alivyotaka). Panga upya herufi za “kata”: TAKA.