Sindano Inayonyamazisha Jeni

Baada ya swala ya Ijumaa, mzee mmoja aliniuliza swali. Mwanawe aliyeko Uingereza ameshauriwa na daktari achomwe sindano ya lehemu, yaani kolesteroli, ambayo hunyamazisha jeni. Je, huko si kubadili maumbile aliyoyaumba Allah (s.w.)?

Kwanza tuijue dawa yenyewe. Jeni ni maelekezo yaliyohifadhiwa ndani ya kiini cha seli. Mwili ukitaka kutengeneza protini fulani, hutoa nakala ya maelekezo hayo, iitwayo RNA, na nakala ndiyo inayofuatwa katika kuunda protini. Ni kama fundi aliyepewa karatasi ya vipimo huku daftari lenyewe likibaki kabatini.

Mwaka 1998, Wamarekani Andrew Fire na Craig Mello walionesha, kwa kutumia minyoo midogo sana, kwamba seli ikiingiziwa RNA ya nyuzi mbili inayolingana na nakala hiyo, seli yenyewe huiharibu nakala. Karatasi imechanwa, daftari halikuguswa. Mwaka 2006 walipewa Tuzo ya Nobel.

Kazi ngumu ilikuwa kuifikisha dawa mahali pake, kwani RNA huharibika upesi katika damu. Ilichukua miaka 20 hadi dawa ya kwanza, patisiran, kuidhinishwa Marekani mwaka 2018, kwa maradhi adimu ya kurithi yanayoharibu neva.

Sindano aliyoitaja mzee wetu ni inclisiran, iliyoanza kutolewa Uingereza mwaka 2021. Hunyamazisha jeni ya PCSK9 katika ini. Protini ya jeni hiyo hulizuia ini kuondoa lehemu mbaya kwenye damu. Ikipungua, lehemu hiyo hushuka kwa takriban nusu. Sindano ya pili hutolewa baada ya miezi 3, kisha moja kila miezi 6. Ikiachwa, nguvu yake hupungua taratibu.

Kwa hiyo jeni haibadilishwi. Hukumu ya kisheria tunawaachia masheikh, ila tuwapelekee swali likiwa sahihi.

Jihadhari pia na wauzaji. Dawa za aina hii zilizoidhinishwa hadi sasa ni za kuchomwa, na hakuna hata moja ya saratani. Akikujia mtu na unga wa “kunyamazisha jeni”, usitoe pesa yako. Nawe uliyeandikiwa vidonge vya lehemu, usiviache kwa kungojea sindano. Na kama mzazi au ndugu yako alipata mshtuko wa moyo akiwa bado kijana, nenda ukapime lehemu, hata kama hujisikii mgonjwa.