Kamera ya Kwanza ya Mpiga Mbizi: Ya Kupima Kabla ya Kutoa Pesa



Makala haya yamezaliwa barazani kwangu hapa Nyeri, mji ulioinuka takriban mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, ambapo mwezi wa Julai watu huvaa makoti mawili na bahari hutajwa kama hadithi ya mbali. Mimi ni mtu wa Pwani niliyeletwa huku na kazi ya kusomesha, na sikutarajia kwamba suala la kamera ya chini ya maji lingeniijia katika mji huu wa majani chai na ukungu. Lakini jirani yangu alinijia baada ya sala ya alasiri, akafuatana na binti yake wa miaka ishirini na mitatu, fundi wa kushona mabuibui pale Majengo.

"Shikamoo Sheikh," akasema binti.

"Marahaba, mwanangu. Kuna heri?"

Heri ilikuwapo. Binti alikuwa ameweka akiba miaka miwili. Mwezi wa Disemba angeteremka Shimoni kwa jamaa za mama yake, ajifunze kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa kwa mkufunzi wa kike, na alitaka kununua kamera. Baba yake aliona ni israfu. Binti akaeleza sababu yake kwa sauti ya chini: bibi yake mzaa mama, anayeishi nao hapa Nyeri tangu miguu imchoke, ni mjane wa mvuvi wa Wasini. Miaka arubaini alipokea samaki ufukoni, akawapara na kuwapika, na hajapata hata siku moja kuona wanakoishi. Binti alitaka kumwonyesha.

Nilimwambia baba yake kwamba hiyo si israfu, ila inaweza kugeuka israfu akinunua bila kujua. Nami nalijua hilo kwa gharama yangu. Miaka kadhaa iliyopita nilimkopesha mpwa wangu pesa akanunua kamera iliyokwisha kutumika, katika duka ambalo sitalitaja. Muuzaji aliapa kuwa haiingii maji. Siku ya kwanza mpwa wangu alishuka nayo kimo cha mtu na nusu tu, na alipotoka kioo chake kilikuwa kimejaa maji kama chupa. Tulipoichunguza tukakuta unywele mmoja umelala kwenye mpira wa kifuniko. Unywele mmoja! Duka halikurudisha hata senti, na mpwa wangu hajamaliza kunilipa mpaka leo.

Basi tukaketi tukapima. Jambo la kwanza nililomuuliza binti ni kina, kabla ya bei na kabla ya jina la kampuni. Maji yana uzito. Kila unaposhuka mita 10, shinikizo huongezeka kwa kiasi sawa na uzito wote wa hewa tunaoubeba ufukoni. Ukifika mita 18, kila kitu ulicho nacho kinabanwa karibu mara tatu ya ilivyokuwa juu. Cheti cha mwanzo cha kupiga mbizi humruhusu mtu kushuka hadi mita 18, na cha pili hadi mita 30. Sasa tazama maandishi ya kamera nyingi zinazouzwa kuwa "haziingii maji": utaona mita 10, au mita 15. Kamera ya TG-6 ya Olympus, na mrithi wake TG-7 iliyotoka mwaka 2023 kwa jina la OM System, huvumilia mita 15 peke yake. Ni kamera nzuri mno, lakini kati ya 15 ya kamera na 18 ya cheti pana mita tatu, na katika mita hizo tatu akiba ya miaka miwili inaweza kupotea kwa dakika moja.

Ndiyo maana mpiga mbizi hununua pamoja na kamera kasha gumu la kuivika. Kasha la TG huifikisha mita 45. Wengi huuliza bei ya kamera tu, kisha hugundua kwamba kasha peke yake hukaribia nusu ya bei hiyo, na pengine huizidi. Mwenye pesa za kamera tu hajawa na pesa za kamera ya kuzamia.

Simu je? Vijana wote huuliza. Simu nyingi za siku hizi zimepimwa ndani ya maji matamu yaliyotulia, kina cha mita moja au zaidi kidogo, kwa nusu saa. Bahari ya Hindi haijatulia wala si tamu, na dhamana ya simu aghalabu haihusu maji ya chumvi. Iache simu kwenye mashua.

Binti alikuwa amevutiwa na kamera ndogo ya GoPro kwa sababu ni rahisi kuliko TG na kasha lake, na yenyewe hushuka mita 10 bila kuvikwa, na 60 ikivikwa. Nikamwuliza: unataka kumwonyesha bibi nini? Kama ni picha za kutembea, kundi la pomboo wakipita Kisite, kasa akiinuka kutoka kwenye nyasi za bahari, basi kamera hiyo yatosha na kuzidi, maana inaona upana mkubwa na haihitaji mtu kuhangaika na vitufe. Ila haimfai anayetaka vitu vidogo. Kamba wa ukubwa wa kucha, konokono wa rangi wasio na kaka, macho ya pweza ndani ya pango lake: kwa hao GoPro huona ukungu, kwa kuwa haioni vyema kitu kilichokaribia mno. TG huweza kukikaribia kitu hadi sentimita moja na kukikuza. Hapo ndipo ilipoipita ndugu yake.

Ipo na ya tatu, ambayo ningependa kina mama wanaowanunulia watoto waliokua waijue. SeaLife ina kamera iitwayo Micro 3.0 ambayo imefungwa moja kwa moja kiwandani, haina kifuniko cha kufungua, na hushuka mita 60. Kumbukumbu imo ndani yake, na picha hutolewa kwa waya au bila waya. Haina zuum, na betri huwezi kuibadilisha mwenyewe. Lakini pasipo na kifuniko hapana unywele, na kwa mtu msahaulifu hiyo ni rehema.

Usidanganywe na hesabu ya megapikseli. TG ina 12 tu, na chini ya maji 12 zilizo karibu na samaki zapita 48 zilizo mbali. Sababu ni kwamba maji hula rangi. Wekundu ndio wa kwanza kuliwa; kufikia mita 5 hivi umekwisha kufifia sana, na kwenye mita 10 jeraha la kidole huonekana kijani. Kisha hufuata rangi ya chungwa, kisha manjano, mpaka kila kitu kinakuwa buluu kama kanzu iliyosahauliwa kwenye nili. Dawa ni tatu. Mkaribie samaki, chini ya mita moja, bila kumbughudhi. Tumia mpangilio wa kamera wa chini ya maji, unaorekebisha weupe ili rangi zirudi mahali pake, na kama kamera inaweza kuhifadhi picha ghafi, hifadhi hivyo, kwani kompyuta baadaye itaokoa rangi nyingi zaidi. Ya tatu ni taa.

Hapa watu wa Nyeri wana elimu ambayo sisi wa Pwani hatuna. Anayeendesha gari usiku kutoka Karatina katika ukungu anajua kwamba ukiwasha taa kali huoni barabara, unaona ukuta mweupe. Ndivyo ilivyo flashi ya kamera baharini. Maji yana chembechembe za mchanga na viumbe vidogo, na flashi iliyo jirani na lenzi huzimulika zote zikajaa kwenye picha kama theluji. Kwa hiyo taa huwekwa mbali, juu ya mkono wa pembeni, imulike kwa mshazari. Taa hiyo si ya mwaka wa kwanza. Binti anunue kamera na kasha sasa, taa ije baadaye, na mwanzoni apige picha saa nne hadi saa nane za mchana katika maji yasiyozidi mita 6. Matumbawe ya Kisite na ya Watamu mengi yako katika kina kidogo kama hicho, na hata asiye na mtungi, mwenye miwani na mrija tu, huyafikia. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zimelindwa tangu mwaka 1968, na samaki wake hawana woga wa binadamu kama wa kwingineko.

Wakati nao ni sehemu ya kamera. Familia za huku hupenda kuteremka likizo ya Agosti. Agosti ni kusi. Bahari imechafuka na mchanga umeinuka. Kuanzia Disemba hadi Machi, kaskazi ikivuma, maji huwa meupe na kamera ya bei ndogo hutoa picha ambayo ya bei kubwa haiwezi kuitoa Agosti.

Nilimfundisha na kazi ya oringi, kama mafundi wa gereji waiitavyo, yule mpira mwembamba unaozuia maji katika kasha. Ioshe kwa maji matamu, ipapase kwa kidole kutafuta mchanga au uzi (na fundi wa kushona ana nyuzi kila mahali), ipake grisi ya silikoni kidogo tu iwe inang'aa, ukizidisha inakusanya uchafu. Kisha lijaribu kasha likiwa tupu, ndani umeweka karatasi ya shashi, ulizamishe nusu saa. Hakuhitaji bahari kwa hilo. Alilizamisha katika pipa la maji ya mvua nyuma ya nyumba, na nduguze wadogo wakawa walinzi.

Kuna jambo ambalo vitabu vinavyokuja na kamera havikuandikiwa watu wa mlimani. Hewa ya Nyeri ni nyepesi, kama nne ya tano ya ile ya ufukoni. Ukilifunga kasha hapa na kulifikisha Shimoni, litakuwa limejibana hata usiweze kulifungua. Ukilifunga huko na kulipandisha huku, hewa ya ndani itasukuma kifuniko. Safiri nalo likiwa wazi, oringi imetolewa na kuwekwa katika mfuko wake.

Na kama hewa hulifanyia kasha hivyo, mwili je? Hili ndilo nililomtaka baba yake alisikilize kuliko yote. Mpiga mbizi akiwa chini, naitrojeni ya hewa anayovuta huyeyuka katika damu na nyama zake. Akipanda juu haraka kupita kiasi, hutoka kwa mapovu, na mapovu hayo huumiza viungo, hupoozesha, na huweza kuua. Watu wanajua kwamba haifai kupanda ndege baada ya kuzamia. Hawajui kwamba treni ya SGR ni ndege yao. Nairobi iko juu ya mita 1,600 na Nyeri imeizidi. Wataalamu wa tiba ya kuzamia hushauri kungoja angalau saa 12 baada ya mbizi moja, na saa 18 kwa aliyezamia mara nyingi au siku kadhaa, kabla ya kupanda nyanda kama hizi. Anayepiga mbizi ya mwisho asubuhi kwa ajili ya picha moja zaidi, kisha akakimbilia treni ya jioni, anahatarisha uhai. Nikamwambia binti: siku ya mwisho ni ya kukaa nchi kavu. Nenda Wasini ukatembee kwenye njia ya mbao ya kikundi cha kina mama kati ya matumbawe ya kale, na kamera yako ifanye kazi huko.

Mengine niliyasema kwa ufupi. Wakati wa mafunzo kamera ibaki juu, kwani mikono inayoshika kamera haishiki vifaa vya hewa, na asiyejua kuelea kwa usawa huvunja kwa mapezi yake matumbawe yaliyochukua miaka mingi kukua. Vazi la mpira linalofunika mwili mzima na kofia yake lipo, tena huzuia baridi. Wala asimpige picha mwanamke mwingine mashuani, sembuse kuisambaza, bila idhini yake. Kuhusu hukumu ya picha zenyewe wanazuoni wamehitilafiana, na leo si mahali pake.

Alinunua TG na kasha lake. Aliteremka Disemba, akarudi Januari siku moja baada ya wenzake, na picha nyingi zilikuwa buluu tupu. Kumi na tano hivi zilikuwa nzuri. Nilialikwa chai siku alipomwonyesha bibi katika kompyuta ya kaka yake. Bibi alisogeza uso hadi pua ikagusa kioo. "Huyu pono," akasema. "Huyu kitatange, hana nyama huyu. Huyu chewa." Binti akamwambia kwamba yule wa tatu si chewa, kitabu cha mkufunzi kinamwita jina jingine. Bibi hakumgeukia. Akasema yeye alimpara samaki huyo kabla mama yake binti hajazaliwa, na akataka waendelee na picha inayofuata.