Pua, Sikio na Kona za Ukuta wa Bonde la Ufa: Mbwa wa Karatu Anapojifunza Kupanda Gari

Barabara inayotoka Mto wa Mbu, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, hupanda kwa kona kali hadi nyanda za Karatu, kisha huendelea kupita lango la Lodoare hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, ulio takriban mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Abiria anayetazama dirishani hufurahia mandhari ya ziwa Manyara likibaki chini, lakini kwa mbwa aliyelazwa nyuma ya gari, asiyeona kona inakotokea wala kujua itaisha lini, mpando huo waweza kuwa mwanzo wa hofu itakayodumu maisha yake yote. Hofu hiyo mara nyingi huchukuliwa kuwa ukaidi, na mnyama huburutwa au kuchapwa ili apande, ilhali chanzo chake kiko katika sikio na kumbukumbu, mahali ambapo fimbo haifiki.

Jambo hili lina uzito wa pekee kaskazini mwa Tanzania, ambako mbwa wameingizwa katika ulinzi wa wanyamapori. Mwaka 2014 shirika la African Wildlife Foundation lilianzisha mpango wa mbwa wa uhifadhi, ambao hufundishwa pamoja na waongozaji wao huko Usa River, mashariki mwa jiji la Arusha. Baadhi yao hunusa mizigo bandarini na katika viwanja vya ndege wakitafuta pembe za ndovu zilizofichwa, na wengine wamefanya kazi Manyara Ranch, kwenye mapito ya wanyama kati ya Tarangire na Ziwa Manyara, wakifuata nyayo za majangili. Mbwa wa namna hii hufikishwa kwa gari mahali penye tukio na hutakiwa kuanza kazi papo hapo. Kwa kuwa mbwa hana tezi za jasho za kutosha ila kwenye nyayo, hupoza mwili kwa kuhema kinywa kikiwa wazi, na hewa ipitayo kinywani haipeleki harufu ipasavyo kwenye utando wa ndani wa pua wenye chembehai za kunusia. Mbwa anayeshuka garini akihema kwa hofu au joto, basi, amefika akiwa na pua isiyofanya kazi yake sawasawa, hata kama mafunzo yake ya kunusa hayana dosari.

Ndani ya sikio la mbwa, kama la binadamu, mna mifereji mitatu ya nusu duara iliyojaa majimaji, ambayo hutambua kichwa kinapozunguka, pamoja na vifuko viwili vyenye chembe za chokaa, ambavyo hutambua mwendo wa kwenda mbele, kupanda na kushuka. Gari likikata kona, sikio huuarifu ubongo kwamba mwili unasogea, huku macho yakiona sakafu na kuta za kizimba zilizotulia. Wanasayansi wengi huona kwamba mgongano huo wa taarifa ndio unaozaa kichefuchefu cha safari. Dalili zake hutangulia kutapika kwa muda mrefu, kwani mbwa hudondosha mate, hulambalamba midomo, hupiga miayo mfululizo na hutetemeka, na dereva anayezijua hupata nafasi ya kusimama mapema.

Kichefuchefu hupita, lakini funzo lake hubaki. Mwanafiziolojia Ivan Pavlov wa Urusi, aliyepewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1904 kwa utafiti wake juu ya usagaji wa chakula, alionyesha kwamba mbwa huunganisha ishara isiyo na maana na jambo linaloifuata, hata mwili ukaitikia ishara pekee. Kwa kanuni hiyohiyo, mbwa aliyetapika kwenye mpando wa Mto wa Mbu aweza kuanza kudondosha mate asikiapo tu mlango wa gari ukifunguliwa, hata gari lenyewe likiwa limezimwa uani. Namna ya kulifungua fundo hilo ilionyeshwa barani Afrika: daktari Joseph Wolpe, akifanya majaribio Johannesburg, aliwalisha paka wenye hofu ya vizimba mbali na kizimba, kisha karibu zaidi hatua kwa hatua, mpaka wakala ndani yake bila wasiwasi, na mwaka 1958 alichapisha kitabu kilichoeneza njia hiyo katika tiba ya hofu za binadamu.

Hapa ndipo penye ugumu halisi, usiotajwa na washauri wengi. Watafiti John Paul Scott na John Fuller walieleza mwaka 1965 kwamba mtoto wa mbwa hupokea mambo mapya kwa urahisi kati ya wiki ya tatu na ya kumi na mbili hivi, na baada ya hapo ugeni huanza kumtisha. Lakini katika umri huohuo viungo vya mizani sikioni havijakomaa, na kichefuchefu humshika kwa wepesi zaidi. Kumzungusha barabarani wakati huo ni kumfundisha chuki, na kumwacha mpaka akue ni kupoteza kipindi chake bora cha kujifunza. Suluhisho ni gari lisilokwenda: mtoto wa mbwa alishwe ndani ya gari lililozimwa, alale humo kwa dakika chache milango ikiwa wazi, kisha injini iwashwe bila gari kusogea, na hatua yoyote inayomfanya akatae chakula irudishwe nyuma.

Mwendo ukianza, afadhali uwe wa dakika chache kwenye lami ya mjini Karatu, tumbo likiwa halijajaa, naye akitazama mbele ndani ya kizimba kilichofungwa imara au akiwa amefungwa mkanda wa kifuani. Safari hizo ziishie mahali anapopapenda, shambani au njia ya matembezi, kwa maana mbwa anayepandishwa gari siku ya sindano tu hujifunza haraka maana yake. Kona za kushukia Mto wa Mbu zije mwisho kabisa, asubuhi kukiwa na baridi, kwani huko chini joto ni kali zaidi kuliko Karatu, na utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005 ulionyesha kwamba joto ndani ya gari lililofungwa juani huongezeka kwa wastani wa nyuzi 22 za Selsiasi katika saa moja, sehemu kubwa ya ongezeko hilo ikitokea katika nusu saa ya kwanza, na kufungua dirisha kidogo hakusaidii.

Chanjo nazo zitangulie safari, kwani mbwa anayefikishwa karibu na wanyamapori aweza kuwaambukiza maradhi. Mwaka 1994 virusi vya homa ya mbwa, vilivyohusishwa na mbwa wa vijiji vinavyoizunguka Serengeti, viliua takriban theluthi moja ya simba wa mbuga hiyo.

Kwa mbwa ambaye kichefuchefu kimemzidi, ipo dawa iitwayo maropitanti, inayozuia kipokezi cha ubongo kinachochochea kutapika. Hutolewa kwa kipimo cha daktari wa mifugo, si chini ya saa mbili kabla ya kuondoka. Dawa hiyo hutuliza tumbo lakini haifuti hofu iliyokwisha jengeka, hivyo mazoezi ya gari lililosimama huendelea sambamba nayo, hata kwa mbwa mzima aliyekwisha kuzoea kukataa kupanda gari.