Kambi za michezo za wageni: wakiondoka, watoto wabaki na nini?



Ndugu msomaji, kila mwaka watu wa kujitolea kutoka Ulaya, Marekani na Kanada husafiri hadi Afrika, Asia na Amerika ya Kusini kuendesha kambi za michezo kwa watoto wa familia zenye kipato duni. Hata miji yetu ya Afrika Mashariki hupokea wageni hawa. Huja na mipira, fulana na filimbi, hukaa wiki moja au mbili, kisha hurudi makwao. Watoto hufurahi sana. Swali la safu yetu ya leo ni hili: mgeni akishaondoka, afya ya mtoto imepata nini?

Kwanza tukubali kwamba mchezo si upuuzi. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate kwa wastani dakika 60 kwa siku za shughuli zinazomtoa jasho na kuuharakisha moyo. Mchezo huimarisha mifupa, moyo na mapafu, huleta usingizi mzuri na hupunguza huzuni. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 31, umeutaja mchezo kuwa ni haki ya mtoto. Kwa mtoto wa mtaa wenye nyumba zilizobanana, ambaye uwanja wake ni barabara ya magari, kambi iliyopangwa vizuri ni neema.

Mfano unaojulikana ni wa Johann Olav Koss wa Norwe, bingwa wa mbio za kuteleza juu ya barafu. Kabla ya michezo ya Olimpiki ya mwaka 1994 alitembelea Eritrea, nchi iliyokuwa ndiyo kwanza imetoka vitani. Anasimulia kwamba aliwakuta wavulana wakicheza kwa shati lililoviringwa na kufungwa mikono yake likawa mpira. Baada ya kushinda medali tatu za dhahabu, alirudi Eritrea akiwa na shehena ya vifaa vya michezo. Kazi ile ndiyo iliyozaa shirika la Right To Play. Shirika hilo halikuishia kugawa mipira. Hufundisha walimu na makocha wa nchi husika, ili wao ndio wawafundishe watoto, pamoja na mambo ya afya kama vile kujikinga na maradhi.

Mfano wa pili uko jirani. Mwaka 1987 Bob Munro, raia wa Kanada, alianzisha pamoja na vijana wa Mathare, Nairobi, chama cha michezo kiitwacho MYSA. Hii haikuwa kambi ya wiki moja. Ilikuwa ligi yenye sharti: timu iende kufagia taka na kuzibua mitaro ya mtaani, nayo hupata pointi zinazoingia kwenye msimamo wa ligi. Sisi watu wa afya tunaelewa thamani ya sharti hilo. Mtaro ulioziba huleta mafuriko ya maji machafu, na maji machafu huleta kuhara na kipindupindu. Vijana wenyewe walishika uongozi wa kamati. Timu iliyotoka humo, Mathare United, ilitwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2008.

Waswahili husema, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hawezi kupona ikiwa hakuuliza chochote. Kwa hiyo mzazi, kabla ya kumruhusu mwanao, nenda uwanjani ukayaangalie haya:

1. Maji na vyoo. Je, kuna maji safi ya kunywa yaliyochemshwa au kutiwa dawa? Je, kila mtoto ana kikombe chake? Je, kuna choo safi, sabuni na maji ya kunawa, na sehemu ya faragha kwa wasichana waliokwisha balehe? Watoto mia moja wakichangia kikombe kimoja, kuhara kwa mmoja huwa kwa wengi.

2. Jua. Mazoezi yawe asubuhi au alasiri, kuwe na kivuli, na mtoto anywe maji kila baada ya muda mfupi bila kusubiri kiu. Kambi ikiangukia Ramadhani, kwa watoto wanaofunga ratiba isogezwe na mazoezi yapunguzwe.

3. Maradhi ya mtoto. Mweleze kiongozi wa kambi kama mwanao ana pumu, kifafa, selimundu au ugonjwa wa moyo. Mwenye pumu awe na dawa yake ya kuvuta mfukoni. Mwenye selimundu apumzike mara kwa mara, anywe maji mengi na asipigwe na baridi. Usione haya kusema, kwani mgeni hawezi kujua.

4. Majeraha. Liwepo sanduku la huduma ya kwanza na mtu anayejua kulitumia. Kidonda chenye udongo kioshwe kwa maji mengi na sabuni, kisha mtoto apelekwe zahanati kuangaliwa chanjo ya pepopunda. Aliyegonga kichwa akapata kizunguzungu au akatapika, asirudi mchezoni siku hiyo, bali apelekwe hospitali mara moja.

5. Kuogelea. Kando ya ziwa, mto au bwawa, uliza habari ya kichocho. Mtoto akianza kukojoa damu baadaye, mpeleke hospitali, maana ugonjwa huu una dawa.

6. Ulinzi. Mtoto asibaki faraghani na mtu mzima mmoja, awe mgeni au mwenyeji. Picha zake zisipigwe wala kusambazwa bila ridhaa yako. Mgeni mwaminifu hachukizwi na masharti haya.

7. Dini na sitara. Uliza kuhusu chakula, nyakati za swala, na kama kuna masomo ya dini yoyote ndani ya ratiba. Binti yako asiambiwe avue mtandio ndipo acheze. Tangu mwaka 2014 sheria za mpira wa miguu duniani zinaruhusu kufunika kichwa.

Baada ya hayo, liko swali kubwa kuliko yote: ni nani wa kwetu anayefundishwa kazi hii? Wiki moja ya mazoezi haijengi mwili wa mtoto. Kinachoujenga ni mazoezi ya kila siku, mwaka mzima. Kabla kambi haijaanza, viongozi wa mtaa na wa msikiti wawaombe wageni wafundishe angalau vijana wawili wa hapo, mwanamume na mwanamke, ukocha na huduma ya kwanza. Mwalimu wa shule au ustadhi wa madrasa anafaa sana, kwa kuwa watoto wako mikononi mwake kila siku. Wageni wakipanda ndege, vijana hao wabaki na filimbi, mpira na sanduku la dawa, na alasiri inayofuata watoto wakutane uleule uwanja, wanawe mikono, wacheze.