Hakuna Kitabu cha Kuanzia

Kila muhula hunijia kijana mwanaharakati baada ya mhadhara na swali lile lile: "Mwalimu, tusome kitabu gani kwanza kabla hatujaingia kwenye mapambano?" Nimelijibu kwa upole miaka mingi. Leo nasema wazi: hakuna.

Swali hilo limejengwa juu ya imani kwamba msomi hufikiri kwanza, kisha mtu wa kiwandani hutekeleza. Haikuwa hivyo Dar es Salaam. Mwaka 1970 Cheche, jarida la wanafunzi wa Chuo Kikuu, lilichapisha insha ya msomi Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka, ambayo yeye aliyaita ya kimyakimya. Jarida likapigwa marufuku mwaka huo huo. Lilikuwa la Kiingereza. Viwandani wangapi wangelisoma? Lakini Februari 1971 TANU, chama tawala wakati huo, ikatoa waraka wake wa Mwongozo kwa Kiswahili, na kifungu cha 15 kikawakataza viongozi kiburi, dharau na uonevu. Wafanyakazi wakakishika kifungu hicho kama mtu anavyoshika hati ya shamba lake. Wakagoma kiwanda baada ya kiwanda, mara nyingi si kwa sababu ya mshahara bali kwa sababu meneja amewatukana au amemfukuza mwenzao. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel wakakitwaa. Kitabu cha Shivji kuhusu matabaka Tanzania kilitoka 1976, na migomo hiyo hiyo ndiyo iliyokipa nyama.

Kwa hiyo msiniletee tena warsha ya siku tatu hotelini, yenye posho na msamiati wa "hegemonia". Nimewaona watu wakitoka humo wameshindwa kuongea na jirani zao.

Nadharia ina kazi yake, tena kubwa. Kwa nini serikali iliyoruhusu kutwaliwa kwa Mount Carmel iliwapelekea polisi wafanyakazi wengine waliofuata njia ile ile? Hapo hasira peke yake haitoshi. Hapo ndipo Shivji anaposomeka.

Basi fanyeni hivi. Andikeni kwenye daftari aliyoyafanya bosi au diwani, kwa tarehe. Tafuteni sheria au ahadi yake mwenyewe, muisome pamoja kwa Kiswahili. Kutaneni na mwanasheria mapema. Wekeni akiba ya chakula kabla ya kugoma. Mkikwama, niiteni, nitakuja na vitabu, na nitaanza kwa kusoma daftari lenu.